Kabla hujalipia televisheni ya HD: soma kioo, soma na tyuna

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu na leo nimepata nafasi ya kukaa nao. Ni kwa ajili ya yeyote anayepanga kununua televisheni ya HD, yaani ya picha kali yenye nukta nyingi, hasa yule mwenye bajeti ya kununua mara moja tu na kukaa nayo miaka.

Kisa changu ni hiki. Niliwahi kununua televisheni ambayo boksi lake liliandikwa HD kwa herufi kubwa, na pembeni yake 1080p. Nikafika nayo nyumbani, nikachomeka waya wa antena, nikaanza kusaka stesheni. Ikasaka mpaka asilimia 100, ikaleta sifuri. Nikarudia mara tatu, sifuri. Antena ilikuwa nzima, maana king'amuzi nilichokuwa nacho kilishika stesheni zote kwa waya uleule. Nikakaa chini na kijitabu cha maelezo, na kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho mistari miwili ikanijibu: kioo 1366 × 768, tyuna DVB-T. Mitambo inayonifikia inarusha kwa DVB-T2, kizazi cha pili ambacho tyuna hiyo haisomi. Na ile 1080p ya kwenye boksi ilimaanisha tu kwamba televisheni inakubali kupokea picha ya kiwango hicho kupitia HDMI, lile tundu la waya wa kidijitali wa kuunganishia king'amuzi.

Niliumia sana. Hakuna neno hata moja kwenye lile boksi lililokuwa uongo, na bado nilikuwa nimebeba kitu ambacho hakikunifaa. Muuzaji hakunieleza, na mimi sikujua la kuuliza.

Ndani ya boksi moja unanunua vitu viwili tofauti. Kuna kioo, kinachoonyesha picha, na kuna tyuna, kile kifaa cha ndani kinachonasa mawimbi ya antena, dishi au kebo na kuyageuza kuwa chaneli. Mmoja anaweza kuwa wa kisasa na mwenzake wa kizamani. Matangazo yanasifia kioo, ya tyuna hayasemwi. Nitaanza na kioo kwa sababu ndicho watu wanachouliza, kisha twende kwenye tyuna, ambako ndiko wengi tunakoumia.

#2 Mwanzisha uzi (unaendelea)

Kioo cha televisheni ya kisasa kimejaa nukta ndogondogo, yaani pikseli. Idadi ya nukta kwa upana na kwa kimo ndiyo rezolusheni. Televisheni za zamani za mfumo wa PAL, zikihesabiwa kidijitali, ni 720 × 576. Zile za mfumo wa NTSC ni 720 × 480. HD inaanzia 1280 × 720. Ile inayoitwa Full HD ni 1920 × 1080. Na 4K ya majumbani ni 3840 × 2160, yaani mara nne ya Full HD.

Zidisha upate picha kamili. 1280 × 720 ni nukta 921,600. 1920 × 1080 ni nukta 2,073,600. Kuna wanaodhani kutoka 720 kwenda 1080 ni kuongeza nusu tu, kwa sababu wanalinganisha kimo peke yake. Nukta zinaongezeka kwa upana na kwa kimo pamoja, ndiyo maana jumla inazidi mara mbili.

Sasa hapa ndipo panapohitaji jicho. Kioo kina idadi moja tu ya nukta, ile kiliyotengenezwa nayo kiwandani, na haibadiliki. Hiyo ndiyo rezolusheni ya asili. Picha yoyote inayoingia ikiwa na idadi tofauti, televisheni lazima iikuze au iibane mpaka ilingane na kioo. Kwa hiyo unapoona namba mbili kwenye maelezo, moja ya kioo na nyingine ya picha inayokubaliwa, ya kioo ndiyo unayonunua. Ile nyingine inakwambia tu kwamba televisheni haitagoma ukiilisha picha hiyo.

Chukua hiyo 1366 × 768 ambayo imejaa sokoni kwenye inchi 32 kushuka chini. Jumla yake ni nukta 1,049,088. Ukiilisha picha ya 1080, karibu nusu ya nukta zilizotumwa hazina pa kukaa, zinayeyushwa ndani ya zile zilizopo. Ukiilisha picha ya 720, inatakiwa kila mistari 15 itandazwe kwenye mistari 16. Yaani kioo hicho hakilingani na kiwango chochote cha utangazaji. Kimo cha 768 kimetoka kwenye vioo vya kompyuta vya 1024 × 768, vikatanuliwa upana mpaka vikawa na umbo la 16 kwa 9. Kila picha inayopita hapo inapigwa pasi kidogo, na ukali wake unapungua.

Na lile neno HD Ready. Alama hiyo ilianzishwa Ulaya mwaka 2005, na masharti yake yalikuwa kioo kisichopungua mistari 720 pamoja na tundu la kidijitali, HDMI au DVI, lenye ulinzi wa HDCP, ule wa kuzuia picha kunakiliwa. Angalia kisichokuwemo kwenye masharti: tyuna ya HD. Maana ya alama ni kwamba kioo kiko tayari kuonyesha HD, mradi kitu kingine kiilete.

#3 Mchangiaji

Mkuu, asante kwa darasa. Mimi nachanganywa na zile herufi. Kuna 1080i na 1080p. Muuzaji mmoja aliniambia i ni ya intaneti.

#4 Mwanzisha uzi

Hapana mkuu, hiyo herufi haihusiani kabisa na intaneti. Inaeleza namna mistari ya picha inavyotumwa.

Kwenye p, fremu nzima inakuja kwa mpigo, mstari wa 1, wa 2, wa 3, mpaka wa mwisho. Kwenye i, mistari inakuja kwa kupishana: kwanza ile ya witiri, 1, 3, 5, kisha ile ya shufwa, 2, 4, 6. Kwa hiyo 1080i inaleta mistari 540 kwa zamu moja na 540 kwa zamu inayofuata. Mbinu hiyo ni ya tangu enzi za televisheni za kichogo, ilibuniwa ili picha isipepese bila kuhitaji nafasi kubwa ya mawimbi.

Vioo vya leo vyote vinaonyesha fremu nzima. 1080i ikiingia, televisheni inabidi iunganishe zamu hizo mbili. Kwa mtangazaji wa habari aliyetulia kitini, kazi hiyo ni nyepesi na picha inatoka safi sana. Kwa mpira unaokwenda kasi, zamu ya pili imekuta mpira umeshasogea, na televisheni yenye prosesa dhaifu inatoa kingo zenye meno kama msumeno.

Ndiyo maana watangazaji wenyewe hawakukubaliana. Marekani, ABC na Fox walichagua 720p, CBS na NBC wakachagua 1080i. Hesabu ya nukta kwa sekunde inaonyesha kwa nini mabishano yalikuwa ya haki. Kwa mfumo wa hezi 50, yaani zamu 50 kwa sekunde, 1080i ni sawa na fremu 25 kamili, nukta 51,840,000 kwa sekunde. 720p ya fremu 50 ni nukta 46,080,000. Zinakaribiana. Mmoja kaweka mzigo wake kwenye undani wa picha, mwingine kauweka kwenye mwendo.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: televisheni yoyote ya HD itapokea zote mbili, hilo lisikuumize kichwa. Cha kupima ni inavyounganisha hiyo mistari. Ukiwa dukani omba uonyeshwe mechi inayorushwa hewani, uitazame dakika tano. Ile video ya maua na samaki inayozunguka dukani imetengenezwa ipendeze kwenye kioo chochote.

#5 Mchangiaji

Naomba kuuliza kaka. Nataka inchi 32 ya chumbani. Kuna ya 768 na kuna ya 1080, ya pili imepanda bei. Kuna haja kweli?

#6 Mwanzisha uzi

Dada, (kama nimekosea uniwie radhi), jibu linategemea utakaa umbali gani. Na hili linapigika hesabu.

Jicho zima la kawaida linatenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya takriban digrii moja gawanya kwa 60. Vikikaribiana zaidi ya hapo jicho linaviona kitu kimoja. Ukiifanyia hesabu televisheni, unapata umbali ambao ukiuvuka kwenda nyuma nukta zinaungana na faida ya rezolusheni kubwa inapotea. Kwa mistari 768 ni kama mara 4.5 ya kimo cha kioo. Kwa 1080 ni kama mara 3.2. Kwa 4K ni kama mara 1.6.

Inchi zinazotajwa ni za mshazari, kona hadi kona. Inchi 32 ina kimo cha kama sentimita 40. Kwa hiyo ile ya 768 nukta zake zinajificha kuanzia kama mita 1.8. Ile ya 1080 inakupa undani wake wote ukiwa mita 1.3 hivi. Ukilala kitandani na televisheni iko mita mbili na nusu ukutani, hutazitofautisha kwa macho. Lakini ukitaka kuifanya pia kioo cha kompyuta, usome maandishi kwa karibu, basi nenda na 1080 bila kusita, kwa sababu maandishi kwenye 768 yanatoka na ukungu hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu nukta.

Kwa inchi 55, kimo ni kama sentimita 68. Undani wa 1080 unaanza kujificha mita 2.2, wa 4K mita 1.1. Sebule nyingi watu hukaa mita tatu. Nasema hivi si kumkatisha mtu tamaa na 4K, kwani kwenye saizi kubwa siku hizi hata kuipata ya 1080 ni kazi. Nasema ili mtu asiache tyuna nzuri kwa ajili ya nukta asizoweza kuziona.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu ya umbali hailitaji. Kama unachotazama ni chaneli za SD, yaani za kiwango cha zamani kabla ya HD, kioo kikubwa kinakuadhibu. Picha ya 720 × 576 ina nukta 414,720. Full HD ni mara 5 yake kamili. Kwa hiyo kati ya kila nukta 5 unazoziona, 4 zimebuniwa na televisheni kwa kukisia kutoka kwa jirani zake. Kwenye 4K, ni 19 kati ya 20. Ndiyo maana mtu anatoka kwenye televisheni ndogo ya kichogo, ananunua kubwa ya kisasa, kisha analalamika picha imeharibika. Kioo hakina kosa. Kinachoingia ndicho kidogo, na sasa kimetandazwa kikaonekana.

#7 Mwanzisha uzi

Sasa tyuna. Naomba wakuu mnivumilie hapa, maana hapa ndipo uzi huu ulipozaliwa.

Tyuna ya analojia inasoma mawimbi ya zamani tu. Nchi nyingi zimeshayazima: Marekani ilizima mitambo mikubwa ya analojia tarehe 12 Juni 2009, Uingereza ikamaliza Oktoba 2012, na makubaliano ya kimataifa yaliyofanyika Geneva mwaka 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa tarehe ya mwisho kwa Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, ingawa baadhi ya nchi zilichelewa au kupewa muda zaidi. Televisheni yenye tyuna ya analojia peke yake, bila king'amuzi, leo mahali pengi haishiki kitu.

Tyuna ya dijitali nayo si moja. Dunia imegawanyika kimifumo:

Marekani, Kanada, Meksiko na Korea Kusini walikwenda na ATSC. Japani ilianza ISDB-T mwaka 2003, na Brazili ikachukua mfumo huo na kuurekebisha, ukasambaa karibu Amerika ya Kusini yote. China ina DTMB. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika wako kwenye familia ya DVB.

Mifumo hii haisomani. Televisheni ya ATSC ukiiweka kwenye nchi ya DVB ni sawa na kumpa mtu barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Antena inaleta mawimbi vizuri kabisa, lakini hakuna wa kuyasoma.

Ndani ya familia ya DVB kuna herufi za mwisho. T ni ya antena ya kawaida, S ni ya dishi, C ni ya kebo. Namba 2 ikifuata ni kizazi cha pili. DVB-T2 ilikuja kwa sababu inabeba mzigo mkubwa zaidi kwenye masafa yaleyale. Uingereza ilipoanza kurusha HD kwa antena mwishoni mwa 2009 ilitumia T2, ikapata kama megabiti 40 kwa sekunde kwenye mtambo mmoja, wakati T ya kwanza ilikuwa kama 24. HD haikubaliki kirahisi kwenye nafasi finyu, ndiyo maana nchi zilizochelewa kuhama nyingi ziliruka moja kwa moja hadi T2.

Sasa shikeni hili: tyuna ya T2 kwa kawaida inasoma na T. Tyuna ya T haisomi T2, na hakuna sasisho la programu litakaloifanya isome, maana tofauti iko kwenye chipu. Herufi moja na namba moja, ndiyo iliyonifanya nisake stesheni mara tatu na kupata sifuri.

Na usikubali neno "tyuna ya dijitali ipo" likawa jibu. Uliza ni ya mfumo upi. Muuzaji asipojua, geuza televisheni usome stika ya nyuma, au fungua ukurasa wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Modeli ileile yenye jina moja hutengenezwa kwa tyuna tofauti kwa masoko tofauti, na tofauti hiyo mara nyingi iko kwenye herufi mbili tatu za mwisho za namba ya modeli. Kwa hiyo nakili namba yote, usiishie katikati.

#8 Mchangiaji

Mkuu nakuheshimu lakini hapa tupingane kidogo. Siku hizi nani anatumia tyuna ya ndani? King'amuzi kinaunganishwa kwa HDMI, vingine tunatazama kwa intaneti. Mimi naona tyuna ni kitu cha kulipia bure.

#9 Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito mkuu, na sitaipinga yote.

Ni kweli king'amuzi kikiwa cha HD na kimeunganishwa kwa HDMI, kazi ya tyuna inafanywa na king'amuzi, na televisheni inabaki kuwa kioo tu. Kwa mtu wa namna hiyo, kioo kisicho na tyuna kinatosha. Hata Marekani, miaka ya mwanzo ya HD, seti nyingi ziliuzwa bila tyuna ya dijitali. Mamlaka ya mawasiliano ya huko ndiyo iliyoweka sharti kwamba kuanzia 1 Machi 2007 televisheni mpya zinazosafirishwa kwenda sokoni ziwe nayo.

Lakini nina mambo mawili. La kwanza, king'amuzi chenyewe mara nyingi ndicho kinachoiba HD. Nimekuta watu wenye televisheni ya Full HD na king'amuzi cha HD, katikati yao waya wa njano, mweupe na mwekundu. Ule wa njano unabeba picha ya kiwango cha zamani tu, 576 au 480, hata king'amuzi kiwe cha namna gani. Unanunua nukta milioni mbili halafu unazilisha kwa kijiko. Wengine wana HDMI, lakini kwenye mipangilio king'amuzi kimeachwa kwenye 576. Ingia kwenye mipangilio ya picha, weka 1080 au 720, kisha tazama tena.

La pili, matangazo ya bure hewani hayadai kifurushi wala bando. Siku king'amuzi kikifa au intaneti ikikatika, tyuna ya ndani ndiyo inayokupa taarifa ya habari. Rimoti moja, waya mmoja. Mzee wa miaka 70 anaweza kuitumia bila kumwita mtu. Mimi hilo nalithamini sana, na sioni sababu ya kulitupa wakati televisheni nyingi inakuja nalo tayari, mradi tu liwe la mfumo sahihi.

#10 Mchangiaji

Wakuu naomba msaada. Televisheni yangu ina T2, nimesaka, stesheni zimeingia. Lakini baadhi sauti inatoka na picha ni nyeusi. Fundi kaniambia kioo kimeungua.

#11 Mwanzisha uzi

Kioo kilichoungua hakichagui chaneli, ndugu. Kama zingine zinaonyesha, kioo kiko sawa. Usifungue televisheni kwanza.

Kinachowezekana ni hiki. Tyuna ikishanasa mawimbi, picha ndani yake imebanwa, na lazima televisheni ijue namna ya kuifungua. Kuna njia tatu za kubana zilizofuatana: MPEG-2, kisha MPEG-4 ambayo pia huitwa H.264, kisha HEVC ambayo ni H.265. Kila mpya inabana zaidi kwa ubora uleule. Televisheni isiyo na HEVC ikikutana na chaneli ya HEVC hufanya hivyohivyo unavyoeleza: jina la chaneli lipo, sauti ipo, picha hakuna.

Ufaransa waliyaona haya Aprili 2016 walipoacha MPEG-2 na kurusha zote kwa MPEG-4. Mawimbi yalibaki DVB-T ileile, lakini televisheni ambazo hazikujua MPEG-4 zilihitaji kifaa cha nje. Ujerumani mwaka 2017 wakaanza T2 pamoja na HEVC kwa mpigo, kwa hiyo hata aliyekuwa na T2 bila HEVC hakufaidi.

Bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ukiwa kwenye chaneli nyeusi. Seti nyingine zinaonyesha aina ya picha. Kisha linganisha na jedwali la kijitabu. Ikiwa ni hilo, dawa ni king'amuzi chenye HEVC kwenye HDMI. Kioo chako kinaendelea na kazi.

#12 Mchangiaji

Mimi ndugu yangu yuko Marekani, ananitumia inchi 50. Baada ya kusoma #7 nimeingiwa na hofu.

#13 Mwanzisha uzi

Hofu yako ina msingi. Tyuna yake itakuwa ATSC, kwa antena haitakufaa penye DVB. Ichukulie kama kioo na upange king'amuzi mapema.

Mwambie asome na stika ya umeme kabla hajaituma. Kama imeandikwa 100–240V, iko salama kwenye umeme wa 230. Kama imeandikwa 120V tu, ukiichomeka moja kwa moja unaiua. Na aulize kama inakubali picha ya hezi 50 kwenye HDMI. Kuna seti za huko zinazokubali 60 peke yake, na king'amuzi cha mfumo wa 50 kikiunganishwa zinaandika kwamba mawimbi hayatambuliki. Ving'amuzi vingine vinaweza kubadilishwa vitoe 60, ila mwendo wa picha unakuwa wa kugutuka kidogo, na kwenye mpira utauona.

#14 Mchangiaji

Picha yangu ya HD inakatwa pembeni, hata maandishi ya chini ya taarifa ya habari yanapotea nusu. Na je, ninunue antena ya HD?

#15 Mwanzisha uzi

Hilo la kukatwa ni urithi wa televisheni za kichogo. Kingo zake hazikuwa sawa, kwa hiyo picha ilitanuliwa kidogo ili uchafu wa pembeni ufichike nje ya fremu. Seti mpya nyingi zimeendelea na tabia hiyo bila sababu. Ubaya wake ni kwamba hata picha ya 1080 kwenye kioo cha 1080 inatanuliwa, kwa hiyo nukta haziketi tena moja kwa moja. Tafuta kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha. Watengenezaji huipa majina tofauti, Just Scan, Screen Fit, 1:1. Ukiiwasha, maandishi yanarudi na ukali wa picha unaongezeka bila gharama yoyote. Ningetamani kila seti itoke kiwandani ikiwa hivyo.

Antena ya HD haipo. Antena haijui HD wala SD, inajua masafa. Kama ya zamani inashika UHF na imeelekezwa kwenye mtambo, inatosha. Kitu cha kuangalia ni kwamba dijitali haichakai polepole kama analojia. Ile ya zamani ilikuletea chenga na bado ukatazama. Hii ni nzuri mpaka kikomo, kisha inaganda na kukatika. Kwenye menyu ya tyuna kuna vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Geuza antena ukiangalia ubora. Nguvu kubwa yenye ubora mdogo mara nyingi ni mawimbi yanayogonga majengo na kurudi, au kikuza mawimbi kilichozidisha.

#16 Mchangiaji

Niko dukani muda huu. Nimepiga picha stika ya nyuma. Imeandikwa 1920 × 1080, DVB-T2/C/S2, HEVC, CI+, HDMI 2, 100–240V. Hiyo CI+ ni nini, na nilipie?

#17 Mwanzisha uzi

CI+ ni tundu la kuchomeka moduli ya kadi ya kampuni ya malipo, ili chaneli za kulipia zifunguke bila king'amuzi cha nje. Inakufaa ikiwa tu kampuni yako inatoa moduli hiyo, kwa hiyo usiilipie kwa matumaini. S2 maana yake unaweza kuchomeka dishi moja kwa moja.

Kioo ni cha asili 1080, tyuna ni kizazi cha pili, HEVC ipo. Hiyo stika iko sawa mkuu. Hakikisha namba ya modeli ya kwenye stika ndiyo iliyoko kwenye boksi utakalopewa, isiwe ya onyesho pekee. Kisha kabla hawajalifunga, waombe wachomeke antena ya dukani na usake stesheni ukiwa umesimama hapohapo. Zikiingia, na picha ikaonekana kwenye kila moja, toa hela.

#18 Mchangiaji

Zimeingia 31. Zote zina picha. Nalipia sasa.